Shusheni Mizigo Kwanza

Mwanangu, jana uliponieleza kwamba huko kazini kwenu Al Khuwair mlisimama kimya kwa ajili ya waliokufa vitani, ukacheka kidogo kwa sababu simu ya mwenzako ililia katikati, mimi sikucheka. Uliniona nimeinamia kikombe changu cha kahawa, ukadhani sijasikia. Nilisikia. Ila moyo wangu ulikuwa umeshateremka mpaka gati la Matrah, kwenye siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asinisikie.

Kaa basi nikuhadithie. Chai yako itapoa, lakini chai hupashwa moto.

Miaka hiyo, kabla ya mwaka sabini, Maskati haikuwa hii unayoizunguka kwa gari. Wattaya unakokwenda kuchagua magari palikuwa changarawe na mbuzi. Usiku milango ya mji hufungwa, na anayetembea bila taa mkononi hukamatwa. Watu walisema kwa sauti ya chini hata walipozungumzia bei ya papa. Sisi tuliotoka Unguja tulisema chini zaidi, maana tulikuwa wageni katika nchi ya babu zetu. Nasaba yetu ya hapa hapa, lakini tukifungua mdomo Kiswahili kinatangulia, na watu wanageuka kututazama.

Mimi na bibi yako tulifika mwaka uliofuata mapinduzi. Babu yako hatukuja naye. Hili nitakueleza mara moja tu, maana kulirudia kunanichosha. Siku watu wenye silaha walipoingia mtaani kwetu, mama alinivuta stoo ya jikoni, nyuma ya magunia ya makaa, akanifumba mdomo kwa kiganja chake. Nilikuwa kijana mkubwa, ndevu zimeanza kuota, lakini alinifumba kama anavyofumbwa mtoto. Baba alikuwa barazani. Nilisikia viatu, nikasikia anaitwa jina lake, nikamsikia anaitika. Baada ya hapo nyumba nzima ikawa kimya, na mkono wa mama haukutoka mdomoni mwangu mpaka alasiri. Baba hatukumwona tena, na kaburi lake hatulijui hadi leo. Tangu siku hiyo niliamini kwamba anayenyamaza ndiye anayeishi.

Basi Matrah nikapata kazi kwa wakala mmoja wa meli. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na kuangalia mizigo inayoshuka kutoka kwenye matishali, zile mashua za kupakulia, maana meli kubwa zilitia nanga mbali. Mkubwa wetu alikuwa Mwingereza mrefu, anachechemea, aliyewahi kuwa askari. Tulimwita Sahibu. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa na mzaha. Na wewe elewa jambo moja, kwa sababu hadithi yote imesimama hapo: ruhusa yetu ya kukaa hapa, mimi na mama, ilitegemea neno lake. Yeye ndiye aliyetudhamini. Akisema simtaki tena kijana huyu, tungetolewa nchini, na hatukuwa na pa kwenda. Unguja hatukuweza kurudi, na kwengineko hatujui mtu.

Sahibu huyu alikuwa na ada yake. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, siku moja saa tano za asubuhi, aligonga kipande cha reli kilichotundikwa mlangoni mwa ghala. Kikishalia, kila mtu husimama pale alipo, kama alivyo, asiseme wala asitikisike, mpaka kigongwe tena. Alikuwa anawakumbuka wenzake waliokufa vitani. Mwanzoni alitaka tuvue na vilemba. Mzee Hemedi, msimamizi wa gati, akamwendea akamwambia kwa adabu kwamba kwetu sisi heshima ni kukifunika kichwa, si kukivua. Sahibu akafikiri, akakubali. Lakini katika kimya hakukubali masihara. Mwaka mmoja mchukuzi mgeni alicheka, maskini, hakujua kinachofanyika. Akafukuzwa kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo chuma kile kikilia, hata wenye kikohozi walikimeza.

Mimi nilikiogopa kimya kile kwa sababu zangu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Gati likinyamaza, mimi nilirudi stoo, nyuma ya makaa. Nilisikia harufu ya kiganja cha mama. Nikawa namwomba Mungu chuma kigongwe upesi.

Siku yenyewe sasa. Tulikuwa tunashusha kasha la pampu, kubwa, la mbao nzito. Winchi yetu ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, na aliyeshika mpini wake ni Murad, Mbaluchi mwenye mabega mapana. Kwenye gurudumu la winchi kuna kijino cha chuma. Ukikiangusha kinazuia gurudumu lisirudi nyuma, na unaweza ukaachia mpini ukapumzika. Chini ya kasha alikuwa mwenzake, Sabzal, anangoja lishuke aliongoze kwa mikono. Kasha lilikuwa juu ya kichwa chake kama dari. Hapo hapo chuma cha Sahibu kikalia.

Kila mtu akaganda. Sabzal akaganda pale pale chini, akainamisha kichwa, akafumba macho. Murad akaganda na mpini mkononi. Na hapa ndipo palipokuwa na balaa, mwanangu: hakukiangusha kile kijino. Kijino kile kikianguka hulia, ka! Gati zima lingesikia. Murad alimkumbuka yule aliyecheka, akaona afadhali alizuie kasha kwa mikono yake mpaka kimya kiishe.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nikimtazama. Mzee Hemedi alikuwa mbali, mwisho wa gati, ameelekea baharini. Sahibu alisimama mlangoni mwa ghala, amefumba macho, na rundo la magunia ya mchele lilimkinga asiione winchi. Nikaiona mikono ya Murad inaanza kutetemeka. Nikaiona mishipa ya shingo yake. Kasha likashuka kidogo, likasita, likashuka tena. Sabzal hajui lolote, midomo yake inacheza, pengine anawasomea dua maiti wa Kizungu.

Nataka nikwambie ukweli wa hofu, kwa sababu vijana wa leo mnadhani hofu ni kupiga mayowe. Hofu yangu mimi ilikuwa kiganja. Nilikihisi mdomoni, cha moto, kimenibana mpaka meno yananiuma. Kiliniambia: nyamaza. Ukisema utafukuzwa. Ukifukuzwa, mama atalala wapi? Nilimwona mama amekaa juu ya furushi la nguo ufukweni, hana pa kwenda. Na nilimsikia baba anaitika jina lake barazani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kimbia.

Sijui nilitoa wapi sauti. Nilipiga ukelele, "Toka chini! Toka!" Kwa Kiswahili, lugha ambayo pale gatini nilikuwa naificha. Sabzal hajui Kiswahili hata neno, lakini sauti ya mtu aliyeogopa haihitaji mkalimani. Alifumbua macho, akaruka kando. Mpini ukamponyoka Murad, kasha likaanguka pale pale alipokuwa amesimama, mbao zikapasuka na pampu ikavunjika vipande.

Sabzal aliketi chini akawa anajishika kichwa, anakiachia, anakishika tena, kama mtu anayehakikisha kipo. Hakuna aliyemsogelea. Sahibu alikuwa amefumbua macho, amenitazama mimi.  Akaitazama saa yake, akanyoosha mgongo, akaendelea kusimama, na sisi sote tukasimama naye juu ya zile mbao zilizovunjika, mpaka muda ulipotimia akagonga chuma. Kisha akaninyooshea kidole.

"Kesho asubuhi. Ofisini kwangu."

Mwanangu, lau angenifukuza pale pale ingekuwa nafuu. Adhabu ya kungojea ni adhabu mbili. Na kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yameshaenea, tena yamepinda: yule Mswahili amepiga kelele, amemshtua Murad, Murad akaachia mpini. Murad alisikia yakisemwa hivyo, akatazama chini. Naye alikuwa na watoto. Karani mkuu, Mhindi wa Kachi aliyewahi kuwa na duka Unguja, akaniita pembeni. Alikuwa ananipenda.

"Sikiliza, kijana. Kesho piga magoti. Sema ulishikwa na kizunguzungu, hukujua unafanya nini. Sahibu anapenda mtu mwenye kukiri makosa."

"Na Sabzal?"

"Sabzal mzima. Wewe jitazame wewe."

Niliona ni shauri la busara. Nilikwenda nyumbani nikiyapanga maneno ya kuomba radhi, nikiyarudia njia nzima kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilipofika, mama alikuwa ameshapata habari. Matrah habari hufika kabla ya miguu. Alikuwa sakafuni ametandika shuka, anapanga nguo zetu juu yake: kanzu zangu, baibui lake la pili, sufuria moja, na kofia ya baba aliyotoka nayo Unguja ndani ya nguo zake. Alilifunga furushi lile mafundo mawili, akaliweka nyuma ya mlango. 

"Kwa nini, baba? Kwa nini ulisema?" Aliniita baba kila alipokuwa na huzuni. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kilio nimeshakipata, nimetosheka. Nnakuomba, kesho kaombe radhi."

Nikamwahidi.

Baada ya sala ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Hemedi. Huyu alikuwa mtu wa Sur aliyekulia Unguja, mtaa wa Malindi, na ujanani alikuwa mpiga makaa kwenye meli za Waingereza wakati wa vita. Hakuwahi kuja kwetu. Aliketi, akaliona furushi nyuma ya mlango, akageuza uso kama mtu aliyeona siri ya watu. Mama akamletea kahawa. Akaniuliza nitasema nini kesho. Nikamwambia, na habari ya kiganja cha mama kule stoo nikamwambia pia.

Sijapata kuona mzee aliyekasirika kwa sauti ndogo namna ile.

"Uombe radhi? Ya nini? Ya kuwa Sabzal yu hai?"

"Mzee, ruhusa yetu iko mkononi mwake."

"Nnajua. Na khofu yako nnaijua, sikukatazi kuwa nayo. Lakini nisikilize, weye mwana. Meli yangu ilipigwa vitani. Kuna mtu aliyeona mwanzo alama ya kombora majini, kijana kama weye, mpiga makaa mwenzangu aliyepanda juu kupunga upepo. Aliiona. Lakini tulikuwa tumeamrishwa tusipige kelele wala tusiwashe taa, na afisa alikuwa mkali. Akasema moyoni, labda nimekosea, wakubwa wataona wenyewe. Akanyamaza. Hao wenzangu waliobakia chini kule, ndio nnaowakumbuka mimi chuma kikilia. Sahibu ana wake, mimi nna wangu, na wangu hawakuandikwa popote."

Akamalizia kahawa yake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni.

"Ukenda kesho ukiomba radhi kwa neno lililomwokoa mtu," akasema, "mwakani mtu mwengine ataona kasha linashuka, na atakumbuka kuwa weye uliomba radhi. Atanyamaza. Na damu hiyo itakuwa shingoni mwako. Kueleza, eleza. Heshima, mpe. Radhi usiombe."

Kisha akamgeukia mama, akamwambia kwa upole, "Na weye mwanangu, umemfumba mdomo siku ile ukamwokoa, Mwenyezi Mungu akulipe. Sasa mwondolee mkono."

 Mama aliingia ndani, na nikamsikia akilia.

Asubuhi nilikwenda. Sikwenda kishujaa, usije ukaniongezea sifa nisizokuwa nazo. Pale mlangoni nilisimama kitambo nikifikiria kukimbia. Mzee Hemedi alikuwa ameshaingia, amesimama ukutani. Murad naye yupo, mikono ameificha mgongoni. Sahibu akauliza kwa Kiarabu chake cha kuvunjika.

"Kwa nini ulipiga kelele? Ile ilikuwa saa ya waliokufa."

Maneno ya kuomba radhi yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, yamejipanga, ningeyafungulia tu yangetoka. Nikamwambia, "Sahibu, Sabzal alikuwa chini ya kasha. Alikuwa amefumba macho kwa ajili ya wenzako. Mimi nilikuwa nimefumbua."

Akamgeukia Murad. "Yeye alikushtua?"

Murad akamtazama Mzee Hemedi.  Mzee Hemedi akamwambia neno moja la Kibaluchi, taratibu. Baadaye niliambiwa ni neno la kumwita mtu ndugu. Murad akatoa mikono mgongoni, akaifungua. Ngozi ya viganja ilikuwa imechunika kwa mpini, nyekundu.

"Hakunishtua," akasema. "Nilishashindwa kabla yake. Niliogopa kuangusha kijino, Sahibu. Kinalia."

Sahibu alivitazama vile viganja muda mrefu. Nikaona rangi inamtoka usoni. Nadhani hapo ndipo alipofahamu kwamba kilichotaka kumuua Sabzal ni woga wa kumwogopa yeye. Akakaa kitini taratibu, akashika paji la uso. Hakutuomba radhi, wala hakunisifu. Alisema tu, "Nendeni kazini."

Unadhani hofu iliisha? Haikuisha. Nendeni kazini leo, na kesho je? Mwaka mzima niliishi nikingoja kuitwa. Nikimwona anakuja upande wangu, nageukia mizigo. Na mama hakulifungua lile furushi. Kila alipohitaji nguo alifungua fundo, akachukua, akafunga tena, akalirudisha nyuma ya mlango. Tukala, tukalala, Ramadhani ikaingia ikatoka, furushi lipo pale linatutazama.

Ikafika Novemba tena. Nilipomwona Sahibu anatoka ghalani na nyundo mkononi, nilitaka kujificha. Lakini hakugonga. Alipita mwenyewe gati zima na ule mguu wake mbovu, akaangalia juu ya winchi, akaangalia matishali, akaangalia migongo ya wachukuzi. Kisha akapaza sauti kwa Kiarabu chake kibovu, na kila mtu akamfahamu.

"Shusheni mizigo kwanza. Yote. Chini."

Murad akashusha kasha mpaka likagusa ardhi, akaangusha kijino, ka! Wala hakuna aliyegutuka. Wachukuzi wakatua magunia. Mtu mmoja alikuwa na kikapu kidogo tu cha vitunguu, Sahibu akamngojea naye akitue. Ndipo akagonga chuma.

Nikafumba macho. Mwanangu, ilikuwa mara ya kwanza. Nilikingoja kile kiganja kije, hakikuja. Nikamkumbuka baba amekaa barazani na kofia yake, nikamsomea Fatiha polepole, neno kwa neno, na muda ulinitosha. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilipofumbua macho nikamwona Mzee Hemedi ananitazama, naye uso wake umelowa.

Jioni nikamweleza mama: amesema shusheni mizigo kwanza. Mama akaniuliza mara mbili, kama kweli amesema hivyo kwa mdomo wake. Nikasema kweli. Akainuka, akalitoa furushi nyuma ya mlango, akafungua fundo la kwanza, na la pili, akakung'uta shuka nje kibarazani. Kofia ya baba akaitundika ukutani, palepale unapoiona kwenye ile picha ya zamani.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Wakikuambia simama uwanyamazie waliokufa, simama, wawe wa kwako wasiwe wa kwako. Maiti hawana uadui na mtu, na kila aliyekufa vitani ana mama aliyemlilia. Lakini kabla hujafumba macho, tazama juu, tazama na kando yako. Kama kuna mzigo umening'inia juu ya kichwa cha mwenzako, sema, hata kama sauti itatetemeka, hata kama aliye mbele yako ndiye anayekupa riziki. Kuna kimya cha heshima na kuna kimya cha woga, na kwa nje vinafanana kama pacha. Wewe mwenyewe ndiye utakayejua kipi umesimama nacho. Na Mungu akikuweka mkubwa juu ya watu, na huko ndiko unakokwenda, angalia wasije wakakuogopa mpaka wakaogopa kuangusha kijino. Ile simu ya mwenzako iliyolia, mwulize kwa wema ilikuwa ya nani. Pengine ana mgonjwa nyumbani.

Haya, nyanyua mikono tuombe. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa vitani na ambao makaburi yao hayajulikani, na babu yako miongoni mwao. Akuondolee kila kiganja cha hofu kilicho mdomoni mwako. Akujaalie, popote utakapofanya kazi, uwe miongoni mwa wanaowatua wenzao mizigo. Amin.

Sasa nipe hiyo chai yako nikakupashie moto.